Nani aliyetuangusha? Majukumu na ustadi katika gemu za kikundi mtandaoni

Kikundi kikishaanguka mbele ya bosi, yaani adui mkuu wa gemu, kitu cha kwanza kutafutwa ni mwenye kosa. Lawama humwendea kwanza mponyaji, maana uhai wa wenzake uliisha mbele ya macho yake. Wa pili ni tanki, anayesimama mbele ya adui. Washambuliaji hunyamaza, halafu mmoja wao anabandika jedwali la dameji (madhara ambayo kila mmoja amempa adui), jina lake likiwa juu kabisa, kana kwamba kesi imekwisha. Kwenye PUBG Mobile, gemu ya bunduki ya simuni, ni yayo kwa yayo: mwenye kili nyingi, yaani aliyeua maadui wengi, ndiye mwenye sauti, hata kama skwadi yenyewe imetolewa ikiwa ya kumi na nne.

Ugomvi huu hauishi kwa sababu maswali matatu huchanganywa yakawa moja. Kazi ya nafasi hii ni ipi? Kiwango hiki cha ugumu kinamdai nini mwenye kazi hiyo? Na sisi tuliokusanyika leo tulikubaliana nini? Mtu anaweza kulipita la kwanza, akashindwa la pili, na la tatu likawa halikuulizwa kabisa. Kwa mchezaji aliyeko Mombasa kuna na nyongeza: umbali wa seva, joto na saa zetu vinabadilisha mambo ambayo miongozo iliyoandikwa Ulaya haina haja ya kuyataja.

Kazi tatu, na kisichoonekana kwenye jedwali

Mgawanyo wa tanki, mponyaji na mshambuliaji ulikomaa katika gemu ya EverQuest ya 1999, na World of Warcraft ya 2004 ikausambaza dunia nzima. Danjoni (pango la maadui la kikundi kidogo) ya World of Warcraft huingiwa na watu 5: tanki 1, mponyaji 1, washambuliaji 3. Final Fantasy XIV hupanga watu 4, yaani tanki 1, mponyaji 1 na washambuliaji 2, au watu 8 kwa mgawanyo wa 2, 2 na 4. Hesabu hiyo pekee inatosha kueleza kwa nini tanki na mponyaji hubebeshwa mzigo mzito wa matarajio. Mshambuliaji mmoja kati ya watatu akizubaa, wawili wanaendelea. Tanki wa danjoni akizubaa hana mwenzake.

Wengi hudhani kazi ya tanki ni kupigwa. Kazi yake hasa ni kuamua adui asimame wapi na atazame wapi. Mapigo yake yameundwa yamchokoze adui kuliko ya mtu mwingine yeyote, ili adui amwandame yeye. Hiyo ndiyo wachezaji huiita agro. Bosi wengi wana pigo pana la mbele. Kwa hivyo tanki humgeuza bosi awape wenzake mgongo, kisha hutulia. Tanki anayezungukazunguka humzungusha bosi pamoja naye, na lile pigo linawafagia washambuliaji waliokuwa wamesimama mahali sahihi kabisa. Ukisoma orodha ya vifo utaona majina ya washambuliaji, na jina la tanki halimo.

Kosa la pili la tanki mwanagenzi ni matumizi ya ngao zake, yaani vitufe vya kujipunguzia mapigo. Ama huziweka zote akisubiri siku mbaya, akafa nazo mkononi, ama huzifyatua tatu kwa mpigo mmoja na sekunde ishirini baadaye hana kitu. Katika danjoni maadui wa kundi hupiga kwa nguvu zaidi mwanzoni, wakati wote wangali hai. Ngao kubwa ni ya hapo, mara tu wanapokusanyika, kabla uhai haujaanza kuporomoka. Ya pili ifuate ya kwanza inapokwisha. Akingoja uhai ubaki robo ndipo abonyeze, ameshachelewa, na mponyaji ameshamwaga kila alichonacho.

Kwa bosi wa raidi (pambano la kikundi kikubwa) huwa kuna matanki wawili kwa sababu bosi humwekea anayempiga alama zinazorundikana, na kila alama huongeza uchungu wa pigo linalofuata. Wanapokezana: mmoja anafikisha idadi waliyokubaliana, mwingine anamvuta bosi. Uwezo wa kuvuta hurudi baada ya sekunde 8 katika World of Warcraft, na sekunde 30 katika Final Fantasy XIV. Hizo 30 ni nyingi. Ukivuta kabla ya wakati kwa pupa, zamu yako ya kweli itakukuta mikono mitupu.

Mponyaji hupimwa kwa mambo mawili: ameyapangia vipi mapigo makubwa yanayojulikana saa yake, na anafanya nini katika muda uliobaki. Kuuziba kila mkwaruzo papo hapo ni kuchoma mana (akiba ya nguvu za uganga) bure. Katika Final Fantasy XIV mponyaji anatarajiwa kushambulia wakati hakuna wa kuponywa, na anayesimama akitazama baa za uhai zilizojaa hahesabiwi kuwa mwangalifu, hata akijiona hivyo. Lakini mtu akifa, kabla ya kumgeukia mponyaji, angalieni pigo gani lilimuua, kama lingeepukika, na kama alikuwa na uhai wa kutosha sekunde tano kabla. Aliyekufa ndani ya duara lililochorwa sakafuni kwa sekunde tatu nzima amejiua. Aliyekufa kwa pigo la kikundi chote, akiwa ameingia nalo na nusu ya uhai, kwa kifo hicho mponyaji anastahili kuulizwa.

Hesabu ya mshambuliaji

Hapa ndipo jedwali linapodanganya zaidi, kwa hivyo tuende kwa tarakimu. Ni mfano wa hesabu tu. Bosi ana uhai wa milioni 24, na baada ya dakika 10 hupandwa na wazimu akaua kila mtu. Dakika 10 ni sekunde 600, hivyo kikundi cha watu 8 kinahitaji jumla ya dameji 40,000 kwa sekunde. Matanki wawili wakitoa 4,000 kila mmoja na waponyaji wawili 2,500 kila mmoja, zimepatikana 13,000. Zilizobaki ni 27,000 kwa washambuliaji wanne: 6,750 kwa kila kichwa.

Mshambuliaji anayecheza asilimia 5 chini ya hapo bila kufa ameipunguzia timu dameji 202,500 katika pambano zima. Mwenzake anapiga kama inavyotakiwa, ila alikufa na kulala sekunde 90 kabla ya kufufuliwa. Huyo amepunguza 607,500, mara tatu ya yule wa kwanza. Na hapo hatujaitia hesabuni mana iliyomwinua, wala kwamba katika Final Fantasy XIV aliyefufuliwa huamka na udhaifu unaomkata asilimia 25 ya nguvu kwa sekunde 100. Ndiyo maana mchezaji mzoefu akimpokea mgeni hamwambii kwanza mpangilio wa vitufe. Humwambia asife. Kasi itakuja.

Kuna pia kazi isiyoandikwa kabisa kwenye jedwali la dameji: kukatiza uganga wa adui. Katika danjoni za muda za World of Warcraft, maadui wawili au watatu huanza kunuiza karibu kwa pamoja. Kitufe cha kukatiza hurudi baada ya sekunde 15 kwa wahusika wa aina ya Rogue na Warrior, na sekunde 12 kwa Shaman. Wote wakimrukia adui mmoja kwa sekunde ileile, vitufe vitatu vimeteketea kwa kazi ya kimoja, na uganga wa pili unapita bila kizuizi. Dawa yake ni kupeana namba kabla ya kuingia. Wa kwanza anakatiza, anasema “nimetumia”, wa pili anajiandaa. Hailazimu ustadi wa vidole, na mara nyingi ndiyo inayotenganisha danjoni iliyomalizika ndani ya muda na iliyokwama.

Vipimo vya nje navyo vina mahali pake. Tovuti ya Warcraft Logs humpa mchezaji rangi kwa kumlinganisha na wengine wa aina yake kwa bosi yuleyule, kwa asilimia ya anaowapita: kijivu chini ya 25, kijani, bluu, zambarau kuanzia 75, chungwa kuanzia 95. Rangi hiyo inakueleza mtu amepiga kiasi gani usiku ule. Haikuelezi nani alibeba bomu alilowekewa na bosi hadi pembeni, nani alikatiza mara tisa, wala nani aliacha kazi hizo ili apate zambarau. Katika Final Fantasy XIV zana za nje zimekatazwa na masharti ya wenye gemu, kwa hivyo kumbandikia mwenzako tarakimu zake kwenye gumzo ni kujitafutia adhabu mwenyewe.

Ugumu ndio unaoweka kiwango

Final Fantasy XIV ina ngazi za kawaida, Extreme, Savage na Ultimate. World of Warcraft ina raidi ya kutafutiwa watu na mfumo, halafu Normal, Heroic na Mythic. Kosa kubwa la wachezaji wazuri ni kushuka ngazi ya chini wakiwa na madai ya ngazi ya juu. Aliyepangwa na mfumo pamoja na wageni hadaiwi kuwa amesoma mwongozo wala kutazama video. Anadaiwa avae nguo za kiwango chake, awashe msimamo wa tanki kama ni tanki, atoke kwenye duara, asikilize akiambiwa. Yametosha. Final Fantasy XIV hata huwalipa ziada wenzake mtu anapoingia mahali kwa mara ya kwanza, ili wasimwone mkosi.

Ukipanda Savage au Mythic hali inageuka. Huko kila mtu ana mahali pake pa kusimama, na kosa la mmoja huua wote. Kusema “nitajifunza humo humo” mbele ya watu waliotenga saa mbili ni kuwala muda wao. Hapo kudai mtu awe ameona video, ana chakula na dawa za pambano, na anajua awamu zilizofikiwa, si majivuno.

Katikati ya ngazi hizo mbili ndiko kunakowaka moto, na mfano maarufu ni tanki kukusanya makundi mengi ya maadui kwa mkupuo hadi afike ukutani. Wazoefu huona ndiyo kawaida. Mponyaji mpya huona ameuzwa. Sisi tunasema hivi: kasi ni ya tanki kuchagua, lakini uwezo wa kuihimili ni wa mponyaji kutamka. Kundi la kwanza liwe dogo. Mponyaji akimaliza na mana ya kutosha, la pili liongezwe. Na mshambuliaji asiwavute maadui kwa niaba ya tanki, hata akiona wanakwenda pole mno.

Kwenye simu na bunduki

Vijana wengi wa Kisauni au Likoni hawajawahi kufungua World of Warcraft, lakini mambo ni yaleyale kwa majina mengine. Skwadi ya PUBG Mobile ina watu 4: mwenye kuita mipango, mvamizi anayeingia kwanza, wa pili anayemfuata, na mlengaji wa mbali. Mvamizi hatarajiwi kubaki hai kila mara. Anatarajiwa aingie wakati wa pili yuko nyuma yake sekunde mbili, si kumi, ili akianguka aliyemwangusha naye aanguke. Wa pili akiwa bado anaokota risasi chumba cha tatu, kosa la kifo kile ni lake. Kisha kumwinua aliyeanguka huchukua takriban sekunde 10, na kumwinua bila moshi mahali palipo wazi ni kuwapa maadui watu wawili kwa bei ya mmoja.

Katika Hardpoint, mechi ya kushindania eneo ya Call of Duty: Mobile, eneo la kushikwa huhama kila dakika. Wanaojua huanza kuhamia lijalo sekunde 10 hadi 15 kabla. Kuna mmoja ambaye karibu haingii eneoni kabisa: anashika upande wa ramani ili wenzake wakifa wazaliwe karibu na eneo linalofuata. Kili zake huwa chache na muda wake eneoni ni mdogo. Kumfokea huyo ni kumfokea makanga kwa kutoshika usukani. Gemu ya Dota 2 imelimaliza suala hili kwa kuwapa wachezaji wa timu namba 1 hadi 5, ambapo namba ni foleni ya nani apate dhahabu kwanza. Namba 5 akiwa maskini mwisho wa mechi, huenda amefanya kazi yake barabara.

Pingi, kuta na joto la Pwani

Nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilitua Mombasa 2009, na EASSy 2010. Kutua kwa waya hakumaanishi seva iko karibu. Mwanga ndani ya waya husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hivyo kila kilomita 1,000 huongeza kama milisekunde 10 kwenda na kurudi. Njia ya kupitia Bahari ya Shamu hadi kusini mwa Ufaransa ni kama kilomita 8,000. Hizo ni milisekunde 80 kabla hujahesabu ruta, kampuni na safari ya kutoka pwani ya Ufaransa hadi seva yenyewe. Hakuna bando la bei litakaloziondoa. Na nyaya zikikatika, kama EASSy na SEACOM zilivyokatika Mei 2024, trafiki huzungushwa njia ndefu na pingi, yaani muda wa ishara kwenda kwenye seva na kurudi, hupanda kwa wote. Waambie wenzako kabla ya kuanza, si baada ya kufa mara tatu.

Pingi ndefu haimnyimi mtu nafasi, ila inabadilisha namna ya kucheza. Katika Final Fantasy XIV seva huamua nani amepigwa pale mstari wa kunuiza wa bosi unapojaa, si pale moto unapoonekana. Ukiwa na pingi ya milisekunde 180, mstari unaouona umechelewa, na hatua yako nayo inachelewa kufika. Uwe umeshatoka sehemu moja ya tano ya sekunde kabla haujajaa. Kazi zinazohitaji kubana vitufe viwili kati ya pigo na pigo zitakuumiza. Chagua zenye nafasi zaidi. Kwenye bunduki, kushika kona ukingoja adui atokeze ni kubaya kuliko watu wanavyodhani, kwa kuwa anayetokeza hukuona kabla wewe hujamwona. Mwenye pingi ndefu hufaa zaidi kuita mipango, kurusha moshi, kuendesha gari, kupiga kutoka mbali.

Pingi ya 160 iliyotulia ni bora kuliko inayoruka kati ya 70 na 300. Kuruka huko mara nyingi hutoka nyumbani. Nyumba za Mji wa Kale zina kuta nene za mawe ya matumbawe, na wai-fai ikivuka kuta mbili hizo haibaki kitu. Vuta waya hadi kwenye kompyuta, au hamishia ruta chumba cha kuchezea.

Simu ina adui mwingine. Februari na Machi, ikishapata moto hupunguza kasi yake yenyewe ili isiungue, na fremu 60 (picha kwa sekunde) zinaporomoka katikati ya mapambano. Toa kava, usicheze ikiwa kwenye chaji, elekeza feni mgongoni mwake, na punguza fremu mwenyewe hadi 40 kabla simu haijakupunguzia. Mvamizi mwenye fremu 40 zisizoyumba anategemeka. Mwenye 60 za dakika ishirini za kwanza hategemeki.

Makubaliano kabla ya kuingia

Tangazo zuri la kutafuta watu ni fupi: “Bosi wa tatu, Savage. Tunaijua awamu ya kwanza na ya pili, tunazoeza ya tatu. Saa mbili usiku hadi saa nne, saa za Kenya. Maiki si lazima, kusikia ni lazima.” Mtu akisoma hapo anajua kama anafaa. Final Fantasy XIV ina alama za mazoezi, kumaliza na kutafuta zawadi. Anayeingia kikundi cha kumaliza ilhali hajaiona awamu ya pili amewadanganya watu saba. Na mgeni naye aseme mapema: “Jamani, mimi hapa ndiyo mara ya kwanza. Tanki, nikikosea nambie.” Sentensi hiyo hupunguza hasira kuliko radhi kumi za baadaye.

Saa ziandikwe kwa uangalifu. Saa mbili yetu ni 20:00 kwenye simu, na Mzungu akiambiwa “saa 2” atakuja wakati umelala. Kenya haibadilishi saa zake. Ulaya hubadilisha Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba. Raidi ya 20:00 ya Ujerumani ni saa tatu usiku hapa wakati wa kiangazi chao, na saa nne usiku wakati wa baridi yao. Kwa vikundi vya hapa nyumbani, Magharibi huingia kati ya saa kumi na mbili na dakika kumi na saa moja kasorobo mwaka mzima, kwa hivyo kuanza baada ya Isha hakumkatizi mtu. Ramadhani sogezeni hadi baada ya Tarawehe.

Mkianguka, azungumze mmoja, na ataje pigo na mahali kabla ya jina: “Duara la tatu, kushoto, wawili waligongana. Kaka, wewe nenda kulia zaidi.” Mkianguka mara tatu kwa sababu ileile, mpango ndio wa kubadilishwa: mwondoleeni mwenye shida kazi ya kubeba bomu, apewe mwenye pingi fupi, yeye apewe namba ya kukatiza iliyo rahisi. Anayetaka kutoka aseme kabla jaribio halijaanza, abakie hadi la mwisho aliloahidi. Na stima ikipotea, simu bado ina bando: neno moja, “stima”, kwenye kikundi cha WhatsApp, na wenzake wanajua wangoje dakika kumi au watafute wa kuziba nafasi.